Unachoma Nini cha Kaka Yangu?

Mkishika nguo msiyoijua, msianze na maji. Anzeni na vidole, halafu pua, halafu moto, na maji yaje mwisho kabisa, nguo ikiwa imeshajieleza. Nasema hivi kwa sababu juzi nilipita Mwanjelwa kwa mjukuu wangu Neema, ambaye yeye na wenzake wamefungua duka la kufulia, nikakuta sweta la mteja limetoka kwenye mashine limebaki la kumvisha mwanasesere. Walikuwa wamelizunguka kama wafiwa.

"Bibi, tuliweka kwenye namba ya nguo laini kabisa," Neema akaniambia.

"Lilikuwa sweta la nini?"

"La baridi."

Sikumcheka, ingawa nilitaka. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikawaza, huyu mtoto hajafundishwa, na aliyetakiwa kumfundisha ni mimi. Basi haya ni ya Neema na wenzake, na ya ninyi wengine mnaokula kwa nguo za watu. Nimefua tangu nikiwa binti mpaka vidole viliponikatalia. Miaka mingi nilikuwa Iringa, pale Ipogolo chini ya mlima, kwenye kibanda cha Mzee Shomari, kabla sijarudi huku Mbeya. Mashine zenu nazipenda. Laiti ningekuwa nayo moja zile asubuhi za Iringa ambazo maji ya pipa yalikuwa yanauma mikono. Lakini mashine haiulizi nguo imetoka kwa nani, nayo haitawauliza ninyi.

Tuanze na nyuzi zenyewe. Pamba haina makuu. Ichemshe, isugue, ianike juani, itakusamehe, ila rangi itapauka na ukiikamua vibaya itajikunja. Kitani ni ndugu yake pamba, kigumu zaidi, na kinataka pasi kikiwa na unyevu kidogo. Polista na nailoni ni jamaa za plastiki: maji hayazisumbui, zinakauka upesi, lakini ukizigusa na pasi ya moto umezipoteza. Hariri ni mate ya mdudu, ifue kama unavyomnawisha mtoto uso. Na sufu, ambayo ndiyo iliyowaumbua Mwanjelwa, ni nywele za kondoo. Mkisahau mengine yote kumbukeni hilo, kwamba ni nywele. Kila unywele wa kondoo una magamba madogo madogo usiyoyaona. Maji ya moto yanayafungua, kusugua kunayashikanisha, na yakishashikana hayaachiani tena mpaka kiama.

Mimi mwenyewe neno hilo lilinisumbua. Nilitoka Tukuyu na Kinyakyusa changu, Kiswahili cha shule tu, na Mzee Shomari kila aliposema sufu mimi nilisikia sufi, ile ya kujazia mito. Kwa muda nikawa nashangaa kimoyomoyo, hawa watu wa Iringa wanavaaje mito. Siku nilipothubutu kuuliza, mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Babu zake walipanda huku bara na biashara kutoka pwani, naye alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kama nguo aliyoipiga pasi. Nikisema "shati yangu imechafuka," ananijibu, "Shati langu limechafuka, Tulinagwe, nalo linakusikia unavyolikosea." Kwake nguo haikuwa inatolewa kwenye kamba, ilikuwa inaanuliwa. Na watu wake wanapomaliza msiba wanasema wanaanua tanga. Nilipenda kwamba ni neno moja kwa kazi zote mbili. Wakati huo sikujua kuna siku nitazifanya zote mbili kwa pamoja.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza moto. Unachomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, mahali ambapo hapataonekana, unaushika kwa kibano, unauwashia kiberiti juu ya kifuniko cha kopo. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, majivu yake ni laini ya kijivu. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha tone jeusi gumu ambalo halipondeki. Sufu inaungua kwa uvivu, ukitoa moto inazimika yenyewe, majivu yanasagika kwenye vidole, na inanuka nywele zilizoungua. Kuna na ile sufu ya bandia, ambayo siku hizi imejaa kwenye marobota ya mitumba. Mkononi inakudanganya kabisa, lakini kwenye moto inalipuka na kuacha kaa gumu. Mzee alijifunza umuhimu wa hilo kwa shati lake mwenyewe la Idi. Aliliamini kuwa pamba, akalipiga pasi ya mkaa, likabaki kwenye pasi kama ukoko kwenye sufuria. Akaenda kuswali na kanzu ya mwaka uliopita.

Jaribio hilo tulikuwa tunalifanyia nyuma ya kibanda, kwa sababu wateja hawapendi moshi. Ndiyo ilikuwa desturi yetu na hakuna aliyewahi kuihoji.

Ilikuwa msimu wa baridi alipokuja mama mmoja wa makamo, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi juu yake, na mzigo umefungwa kwenye shuka. Akatusalimu, "Kamwene," tukaitikia. Hakuuweka mzigo mezani. Aliendelea kuupakata.

"Hii koti ni ya kaka yangu," akasema. "Amekufa nayo mwilini. Mnaweza kuifua?"

Alikuwa ametoka Idodi, kwenye barabara ya kwenda mbugani. Kaka yake alikuwa mkubwa wa ukoo wao, na koti lile zito la kijivu alilivaa kila siku iliyokuwa na maana: kuposa, kusuluhisha, kuzika. Aliugua akiwa amelivaa, akamwagikiwa uji na dawa, akatapika, akatokwa jasho la homa. Watu wa ukoo ule wakimaliza msiba humvisha mrithi vazi la marehemu mbele ya wote. Mrithi alikuwa Festo, mtoto wa kwanza, fundi magari huku Mbeya.

"Kaka mwenyewe alimtaja Festo akiwa na akili zake," yule mama alituambia. "Lakini Festo hajamzika baba yake. Gari iliwaharibikia Igawa, akafika tumeshafukia. Sasa wapo wanaosema huyo siyo. Wazee wamekaa, wamesema koti yenyewe itasema. Ikimkaa, basi. Ikimkataa, imemkataa."

"Mwili wake vipi huyo kijana?" Mzee Shomari akauliza.

"Wa baba yake. Mabega yale yale."

Mzee akanitazama, na mimi nikaelewa. Koti lilikuwa linamkaa Festo kabla halijafika kwetu. Likirudi limepungua vidole viwili mabegani, kijana wa watu atasimama mbele ya ukoo wake vifungo havifungi, na watasema marehemu amemkana. Hakuna atakayesema maji yalikuwa ya moto.

Lebo ilikuwa imekatwa zamani. Kwa vidole lilikuwa sufu, lakini vidole vinadanganywa, na mtu hafui koti la namna hiyo kwa kubahatisha. Ikiwa ni sufu, maji ya vuguvugu na mkono mwepesi. Ikiwa ni ya bandia, naweza kuifua bila hofu ila pasi isiikaribie. Yule mama, ambaye nilianza kumwita Shangazi kama watoto wa kaka yake walivyomwita, alisema anakwenda sokoni kununua chumvi na majani ya chai ya wafiwa. Nikachukua koti, nikazunguka nyuma, nikachomoa uzi kwenye mshono wa kwapani.

Uzi ulikuwa unaungua, bado nauinamia kunusa, niliposikia sauti juu yangu.

"Unachoma nini cha kaka yangu?"

Alikuwa amerudi na chumvi na majani yake ya chai, kutuambia kwamba kifungo kimoja kilikuwa kimelegea. Akanikuta nimechuchumaa kwenye majivu, peke yangu, na uzi wa nguo ya maiti yake kwenye moto.

Vijana, sijui kama mnaielewa hofu iliyonishika. Mimi nilikuwa mgeni Iringa, Mnyakyusa, sina ndugu karibu. Na yule hakuwa mjinga. Kwa mtu yeyote wa nyanda hizi, uzi uliochomolewa kimyakimya kwenye nguo ya marehemu, kabla mrithi hajavishwa, una maana moja. Watu wamefukuzwa vijijini kwa madogo kuliko hayo, wengine hawakuishia kufukuzwa. Nilifungua mdomo na Kiswahili chote kikanikimbia.

"Nani amekutuma?" akaniuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Ni wale wa nyumba ndogo wanaomkataa Festo? Sema tu, binti."

Mzee Shomari alikuja mbio, sabuni mikononi. Akaeleza vizuri sana, habari za pamba na sufu na polista, na Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akasema, "Mzee, hayo maneno ni ya kwako. Mimi nimeona moto."

"Basi tuuchome mwingine mbele yako," mzee akasema. "Uunuse mwenyewe. Utanuka nywele, kwa sababu sufu ni nywele. Ukiona shaka, choma na unywele wako ufananishe."

Shangazi akavua kitambaa. Kichwa kilikuwa cheupe, wembe wa msiba haukuacha kitu. "Upi?" akauliza.

Mzee akajipapasa kofia, naye alikuwa na upara wa kuzaliwa nao.

Sikufikiri. Kama ningefikiri nisingefanya. Mama yangu alinilea nikiokota kila unywele unaoanguka nikisuka, nikaufukie, kwa sababu nywele zako zikishikwa na mtu umeshikwa wewe. Nikapeleka mkono chini ya kilemba changu, nikang'oa nywele kadhaa, nikaziweka kwenye kifuniko cha kopo pembeni ya uzi mpya wa koti. Nikampa Shangazi kiberiti awashe yeye.

Akanitazama muda mrefu kabla hajawasha. Alichoma uzi, akanusa. Alichoma nywele zangu, akanusa. Harufu ilikuwa ile ile moja.

Sidhani kama harufu ndiyo iliyomtuliza. Alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba mtu mwenye nia mbaya hawezi kukupa nywele zake uzichome kwa mkono wako. Akachana kipande cha karatasi iliyofunga majani ya chai, akakusanya majivu ya nywele zangu, ya nywele tu, akakunja, akafunga kwenye ncha ya kanga yake mahali wanawake wanapofungia pesa.

"Hiki nakaa nacho," akasema, "mpaka koti irudi."

Dhamana aliyoidai ilikuwa hiyo tu. Mzee alipobaki na mimi alijaribu kunichangamsha: "Ungeniuliza, ningetoa ndevu zangu. Zipo tatu." Nilicheka, halafu nikalia.

Sasa sikilizeni jinsi koti lile lilivyofuliwa, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kwanza tulilitandaza juu ya shuka kuukuu tukachora umbo lake kwa mkaa, mabega, mikono, kola, kila pembe. Sufu ikishalowa husahau ilikuwa na ukubwa gani, na wewe ndiye wa kuikumbusha. Halafu nikafumua bitana. Bitana ilikuwa nailoni, nje ni sufu, na vitu viwili visivyopatana ukivifua vimeshonwa pamoja vitavutana. Niliifua peke yake. Koti nikalipiga brashi kavu kwanza kuondoa uji uliogandamana. Maji tuliyachanganya mpaka kiwiko hakisikii baridi wala moto, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Sabuni ya mche hapana, ni kali. Tulikuna sabuni ya mtoto tukaiyeyusha pembeni kabla haijaingia. Sikusugua. Nililikandamiza na kuliachia, nikalikandamiza na kuliachia, maji yakatoka na rangi ya dawa, halafu na rangi ya vumbi la Idodi, halafu meupe. Maji ya kusuuza yalikuwa na joto lile lile la maji ya kufulia, na siki kidogo ya mwisho. Kumbukeni, kinachoiua sufu haraka kuliko yote ni kuruka kutoka moto kwenda baridi.

Sufu iliyolowa usiiinue kwa mabega. Ni nzito, itajivuta kwa uzito wake. Niliingiza mikono yote miwili chini, nikalipakata, Mzee akatandaza mataulo, tukaliviringisha humo na kulikandamiza mpaka mataulo yalipokunywa. Hakuna kukamua. Halafu tukalilaza juu ya ile shuka yenye mchoro, juu ya mkeka, kivulini, upepo unapopita.

Shangazi alikuwa amefikia kwa ndugu pale pale Ipogolo, na kila asubuhi alikuja kukaa kando ya lile koti. Koti lile lililala chali kivulini, mikono imenyooshwa pembeni, na yeye kitini, kanga yake imefungwa fundo. Wateja waliokuja wakawa wanateremsha sauti bila kuambiwa. Mimi nilikuwa napita na ndoo zangu na macho yangu yanakwenda kwenye fundo lile kila mara, siwezi kuyazuia. Nilikuwa naogopa kuumwa kichwa. Mafua tu yangenimaliza kwa hofu.

Lilipokaribia kukauka nikaona mkono wa kulia haujafika kwenye mstari wa mkaa. Ulikuwa umepanda, si sana, upana wa kidole gumba. Nikamwita Mzee. Shangazi naye akainama akaona. Mzee akaleta birika linalofuka, akaupitisha mvuke juu ya mkono ule, na mimi nikawa nauvuta taratibu kwa viganja, si kwa vidole maana vidole huacha alama, nauvuta na kuushikilia, nauvuta na kuushikilia. Jasho lilinitoka katika ile baridi. Mwisho Shangazi mwenyewe akapiga magoti upande wa pili, akashika bega la koti kwa mikono yote miwili lisije likasogea, na tukavuta hivyo, yeye juu mimi chini, mpaka mstari ukafunikwa. Tukaukandamiza kwa chupa za maji, ukakauka pale pale.

Nikalirudishia bitana kwa mkono na kukaza kile kifungo. Asubuhi ya kwenda Idodi Mzee Shomari ndiye aliyeniambia, "Kaliinue. Lianue." Nikalianua.

Nilikwenda nalo mimi, na Shangazi, kwenye pikapu ya mkwe wao, limelazwa mapajani petu bila kukunjwa. Uwanja ulikuwa umejaa. Festo nilimjua kabla sijaonyeshwa: alikuwa amesimama peke yake, na watu wamemwachia nafasi kubwa kuliko inayohitajika. Mzee mmoja wa ukoo akashika koti, akaligeuza, akanusa kola, akampelekea. Festo akaingiza mkono wa kushoto. Akaingiza wa kulia. Yule mzee akafunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini, akavuta mkono wa kulia kuangalia ulipofika. Ulifika kwenye kifundo cha mkono, ulipokuwa unafika kwa baba yake.

"Imemkaa," akasema.

Festo alilia kwa sauti kama mtoto, nadhani kwa mara ya kwanza tangu afike, na wale waliokuwa wamemwachia nafasi wakasogea.

Shangazi hakwenda kwake kwanza. Alinijia mimi nilipokuwa nimekaa na akina mama, akafungua ncha ya kanga, akatoa ile karatasi, akaiweka kiganjani mwangu na kukifunga kiganja kwa mikono yake.

"Shika cha kwako," akasema. "Cha kwangu nimepata. Urudi salama, mwanangu."

Niliporudi Ipogolo sikwenda kibandani moja kwa moja. Nilisimama darajani, nikaikung'utia karatasi ile kwenye Ruaha Mdogo, nikakaa pale pale pembeni ya barabara. Tangu siku hiyo hatukuchoma tena uzi nyuma ya kibanda. Tuliuchoma mezani, mwenye nguo akiona, na tukampa anuse. Wateja wachache walilalamikia moshi. Waliobaki wakaanza kutuambia nguo ilikuwa ya nani.

Neema ameniuliza afanye nini na lile sweta. Sufu iliyoshikana hairudi, hata kwa mvuke, na nisimdanganye. Nimemwambia ampigie mwenyewe simu aje dukani, amkalishe, alilete sweta mbele yake kama lilivyo, amwambie bila kuzungukazunguka. Na kabla hajataja habari ya kulipa, amuulize kwanza lilikuwa sweta la nini.

Labda lilikuwa la baridi tu. Labda lilikuwa la kaka yake.